Goti la Paulin na Udongo wa Kichuguu

Duara lilikuwa dogo, halikuzidi kifungo cha koti, lakini Nono Kalaba aliliona kabla hajaweka mkoba wake chini.

Alikuwa mtayarishaji katika maabara ya vijidudu ya chuo kimoja cha Lubumbashi. Alipika vyakula vya bakteria, akavimimina kwenye sahani za kioo, na sahani zilizokwisha kazi akazichemsha katika sufuria ya mvuke, akaziosha, akaanza upya. Sahani ya asubuhi hiyo ilikuwa tofauti na nyingine. Juu yake alikuwa amepaka usaha uliotoka mguuni mwa mume wake.

Paulin alikuwa dereva wa lori, Mnande wa Butembo aliyeingia Katanga na shehena ya maharage na tangu hapo hakurudi kwao ila kwa mazishi. Alikuwa amesimama kati ya trela mbili katika foleni ya mpaka wa Kasumbalesa, akikaza mnyororo, wakati ile ya nyuma iliposogea. Mfupa wa muundi wa kushoto ukavunjika. Kliniki moja ikautia vyuma, na vyuma vikaingia pamoja na uchafu. Dawa moja ilifuata nyingine bila faida, mpaka akalazwa hospitali kubwa, kitanda cha kando ya dirisha, mahali ambapo wagonjwa wenzake walianza kugeuza nyuso zao ukutani kila bandeji ilipofunguliwa.

Daktari Kapya, mpasuaji, hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alimwita Nono nje ya chumba.

“Mama Nono, nikikata sasa, nitakata chini ya goti. Goti njo kila kitu. Mutu mwenye goti, tunamutengenezea muguu ya plastique, anatembea, anapanda ngazi. Hata embrayage, ile klachi ya lori, atakanyaga. Lakini ile infection ikipita goti, sina tena kitu ya kumuachia.”

Nono aliomba kwanza usaha upimwe kwenye maabara yao. Kwenye sahani alipanga vipande vya karatasi vilivyoloweshwa dawa, kila kipande na dawa yake, zote zile ambazo duka la dawa la Lubumbashi linaweza kuuza na nyingine ambazo haliwezi. Bakteria wa mguu wa Paulin waliota juu ya sahani yote kama ukoko wa maziwa, wakavizunguka vile vipande, wakavikaribia mpaka kuvigusa, kana kwamba ni karatasi tu. Lakini pembeni kabisa Nono alikuwa ameweka kitu ambacho hakuagizwa na mtu: kipande cha agari, ule uji wa mwani unaoganda, chenye bakteria wa kichuguu chake mwenyewe. Hapo ndipo duara lilipokuwa. Ndani yake kioo kilikuwa cheupe na safi.

Kichuguu kile kilisimama zamani kwenye kiwanja chao cha Ruashi, kirefu kuliko nyumba. Mtu aliyezoea miji mingine huja Lubumbashi akadhani ni vilima, kumbe ni kazi ya mchwa. Wajawazito hubandua udongo wake na kuula, na Nono naye aliula alipokuwa na mimba ya binti yake, Bijou. Halafu watu hukichimba, kwa sababu hakuna udongo mzuri kuliko huo kwa matofali. Kabla Paulin hajaleta wachimbaji, Profesa Abigaëlle, mkuu wa maabara, aliomba wafanyakazi wote walete udongo wa kwao. Nono alileta kidogo ndani ya kopo la nyanya. Humo wakampata bakteria mmoja anayeota polepole, mwenye unga mweupe juu kama chokaa, ambaye wadudu wengine hawakuthubutu kuota karibu naye. Walimweka kwenye friza. Msimu wa mvua uliopita umeme ulikatika kwa muda mrefu, friza ikayeyuka, na wote waliokuwa ndani wakaoza. Ikabaki sahani moja tu kuukuu, iliyosahauliwa kwenye droo, imekauka na kupasuka kama matope ya Oktoba kabla ya mvua. Kutoka kwenye sahani hiyo ndipo Nono alipokata kile kipande.

Alikwenda hospitalini akikaribia kukimbia.

“Duara mu sahani si dawa, Mama,” Daktari Kapya alisema kando ya kitanda cha Paulin, baada ya kumsikiliza. “Unajua vile.”

“Ninajua, Docteur.”

“Hata Javel ya kufulia inafanya duara. Utamumwagia Javel mu mufupa?”

“Ninajua. Unipe tu kidogo.”

“Kidogo ya nini?”

“Wakati.”

Daktari alimtazama Paulin, kwa maana uamuzi ulikuwa wa mwenye mguu. Paulin alikuwa amelala na mikono nyuma ya kichwa, kama mtu anayengoja zamu yake mpakani.

“Mama Bijou,” alimwambia mkewe, “unasema ile udongo ulikuwa unakula na mimba, njo itaniponesha?”

“Njo ile.”

“Basi leta nikule na mimi.”

“Si ya kukula.”

“Weye ulikula, ukazaa Bijou na ile mudomo yake. Iko na nguvu.” Kisha akamgeukia daktari. “Tungojee kidogo, Docteur. Ni muguu ya embrayage. Ingekuwa ile ingine, ningekuambia kata.”

Daktari alichukua kalamu, akachora mstari kwenye ngozi, pale wekundu ulipoishia, vidole vichache chini ya goti.

“Ikivuka hapa,” alisema, “hatuongei tena.”

Kile ambacho Nono alikusudia hakumwambia mtu. Angemkuza bakteria wake kwa wingi, angechuja maji yake, angeyaingiza kwenye kidonda bandeji itakapofunguliwa, muuguzi akiwa amegeuka. Alijua kwamba kati ya duara la kwenye sahani na sindano ya hospitali kuna miaka ya kazi ya watu wengi. Alijua kwamba kitu kinachoua kijidudu kinaweza kuua figo. Mambo hayo alikuwa ameyasikia yakifundishwa mlangoni mwa chumba chake cha kuoshea vyombo tangu Bijou hajazaliwa. Kila alipoyakumbuka, aliliona goti.

Akaanza. Mama yake, kule Lukafu, alikuwa mpishi wa munkoyo, kinywaji cha uji wa mahindi uliochachushwa kwa mizizi iliyopondwa, na Nono alikua akimsaidia. Kwa mama yake, chungu kipya kilianzishwa kwa kibuyu kilichochotwa kutoka chungu cha jana, tena si chungu chochote: kile kilichoamka kwanza, kilichopanda juu kwa nguvu, kisicho na utando. Vile vilivyochelewa vilinywewa nyumbani vikaisha. Hivyo ndivyo munkoyo wa mama yake ulivyobaki mzuri mwaka hadi mwaka, na watu wakaufuata kutoka vijiji vya mbali.

Mkono wa Nono haukujua njia nyingine. Alipika chakula kizito, uji wa mahindi wenye sukari, akampandikiza bakteria wake humo. Madoa mengi yaliota, na kati yake alichagua lile lililoota mapema na kunenepa. Lile lenye unga hakulipenda. Unga huo hupeperuka, huchafua sahani za wanafunzi, na kila wiki alilaumiwa kwa ajili yake. Aliyachukua yale yanayong'aa, masafi, akayapandikiza tena, na katika kizazi kilichofuata akachagua vilevile. Yalikua upesi ajabu. Chupa zikajaa. Na kwa kuwa sahani za kioo zilikuwa chache, ile kuukuu iliyopasuka aliitia katika sufuria ya mvuke, akaichemsha, akaiosha.

Alipojaribu tena dhidi ya bakteria wa Paulin, duara lilikuwa jembamba kama ukingo wa ukucha. Alidhani amekosea kipimo. Akarudia na chupa nyingine. Safari hii ukoko wa maziwa ulienea mpaka kwenye kipande chake cha agari na kukipanda juu.

Alizipeleka sahani zote mbili kwa Profesa Abigaëlle na kuziweka mezani. Profesa alizisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

“Uyu ni kipara,” alisema. “Unga yake iko wapi? Hebu unuse.”

Nono aliinusa sahani. Haikunuka chochote. Bakteria wa kichuguu alikuwa akinuka kama udongo baada ya mvua ya kwanza; au tuseme ukweli, ni udongo unaonuka kama yeye, kwa sababu harufu ile ni yeye anayeitengeneza.

“Ulikuwa unachagua gani?” Profesa aliuliza.

“Ya mbio. Ya safi.”

“Na ulikuwa unabapatia nini?”

“Uji ya mahindi. Na sukari.”

Profesa alivua miwani yake. Hakuwa mwanamke mkali, na hilo ndilo lililomwogopesha Nono.

Alimweleza polepole, akichora juu ya bahasha. Bakteria wengi wana uzi wao wa urithi umefungwa kama bangili. Huyu uzi wake uko wazi, una ncha mbili kama kamba ya kiatu. Katikati ya uzi zimekaa jeni za maisha ya kila siku, kula na kukua na kugawanyika. Kuelekea ncha hukaa nyingi kati ya zile za vita. Jeni za dawa hazikai ovyo. Zimepangana moja baada ya nyingine, kama nyumba za ukoo mmoja kwenye avenyu moja ya mtaa, na kila jeni inatoa fundi wake: huyu anaunga kipande kwenye kipande, yule anakikunja, mwingine anakisukuma nje ya ukuta. Kwenye avenyu hiyohiyo kuna nyumba ambayo kazi yake ni kumkinga mwenyewe asife kwa sumu yake. Na mlangoni kuna mlinzi. Mlinzi huyo hafungui bakteria anaposhiba. Chakula kinapopungua, majirani wanapobanana, hapo ndipo anapofungua, na avenyu nzima inaamka kufanya kazi.

“Dawa inamukula nguvu mingi,” Profesa alisema. “Haitengeneze bure. Na ile ncha ya uzi inavunjika mbio. Mara kwa mara mumoja anaipoteza, na avenue inaenda nayo. Mu udongo, ule anakufa, sababu maadui beko kila fasi. Lakini kwako mu sahani, adui iko wapi? Kuko uji tu. Ule mwenye kutupa silaha yake njo alikuwa mwepesi. Njo alikuwa anaota wa kwanza.”

“Na mi nilikuwa ninachukua wa kwanza.”

“Oui.”

“Kila mara.”

“Na ile sahani ya zamani?”

Nono alitazama mikono yake, iliyochubuka kwa sabuni. “Niliiosha,” alisema.

Hospitalini wekundu ulikuwa umeufikia mstari wa kalamu. Paulin hakufanya tena mzaha. Alimwuliza mkewe kama udongo umekubali, naye akajibu kwamba unachelewa kidogo. Alijibu hivyo akikunja shuka, ili asimtazame.

Kichuguu hakikuwapo tena. Mahali pake palikuwa na shimo ambalo mvua ililijaza na kiangazi kikalikausha, na udongo wake wote ulikuwa umegeuka matofali, na matofali yakachomwa kwenye tanuri. Kitu kilichopita katika moto ule hakiwezi kuamshwa. Lakini kuni za tanuri ziliisha kabla ya kazi kwisha, na Paulin alijenga jiko la uani kwa matofali mabichi yaliyobaki. Nono alilikumbuka akiwa barabarani, akakaribia kupiga kelele. Mbegu za bakteria huyo, ule unga wake mweupe, zinaweza kulala katika udongo mkavu kwa miaka.

Rodrigue, mdogo wake Paulin, muuza maharage na saruji kwa jumla na shemasi wa kanisa lao, alimkuta amepiga magoti mbele ya ukuta wa jiko, akikwangua kwa kisu, kopo la nyanya mapajani.

“Shemeki,” alisema, “ndugu yangu anaoza ku lopitalo, na weye uko unabomoa nyumba yake.”

“Ninatafuta kintu.”

“Mama yetu anapiga simu kutoka Butembo kila siku. Leo nimuambie nini? Muke ya Paulin anakwangula ukuta?”

“Umuambie ninatafuta.”

“Docteur alitaka kukata. Ni weye ulimuambia angojee.” Rodrigue hakupaza sauti, na alikuwa amekuja na chakula cha mgonjwa mkononi, kimefungwa kwenye kitambaa. “Mimi sijasoma bile bintu byenu. Ninaona tu muguu. Jana ilikuwa hapa. Leo iko hapa.” Alionyesha kwenye suruali yake mwenyewe.

Nono aliendelea kukwangua.

Safari hii hakupika uji. Aliukausha ule unga wa matofali, akaupasha joto ili wadudu wa mbio wafe, akaunyunyiza juu ya chakula chepesi, karibu maji matupu. Alikuwa amejifunza. Lakini wenye njaa hawana haraka. Kila asubuhi aliinamia sahani zile na kuona utupu, au ukungu wa kijani usio na maana, au madoa ya wageni. Alikatazwa na Profesa kuzifungua, akazinusa kupitia ukingo wa kifuniko. Kulikuwa na madoa madogo kama ncha ya sindano. Yalihitaji muda. Na muda alikuwa ameutumia kwa vipara.

Siku moja alipoingia wodini, Daktari Kapya alikuwa tayari kando ya kitanda. Shuka lilikuwa limefunuliwa. Mstari wa kalamu ulionekana bado, umebaki chini peke yake kama alama ya barabara iliyokwisha kupitwa. Wekundu ulikuwa umepanda juu ya goti, na ngozi ilikuwa inang'aa. Paulin aliongea na watu wasiokuwepo. Alimwambia mmoja aondoe lori lake njiani.

“Kama tunangojea tena, haitakuwa muguu,” daktari alisema. “Itakuwa yeye.”

Paulin alimtambua mkewe. Homa ilikuwa imeyafanya macho yake yang'ae kama ya kijana.

“Mama Bijou. Goti?”

Nono angeweza kumgeukia daktari ajibu yeye.

“Goti imeenda,” alisema. “Ni mi nilikucheleweshea.”

Paulin aliutazama ule mstari wa kalamu. Nje ya dirisha mtu aliita mtu mwingine kwa jina.

“Rodrigue anasema kuko malori automatique,” alisema mwishowe. “Ya kukosa embrayage. Unaona mutu wa Butembo anaendesha kintu kama ile? Batanicheka mpaka Beni.” Akafumba macho. “Mukiizika, muniwekee na kiatu yake. Nitaifanyia nini peke yake.”

“Kata, Docteur,” Nono alisema.

Hospitali haizihifadhi sehemu hizo. Familia hupewa, na familia huzika. Waliukabidhi mguu umefungwa katika kitambaa kisha katika mfuko wa nailoni, na Nono alishangaa uzito wake. Hakuwahi kuubeba mguu ule bila mwenyewe. Paulin alikuwa hai. Homa ilianza kushuka, daktari alisema, ila hakutaka kuahidi.

Rodrigue aliuliza pa kuuzika. Nono akasema kwenye shimo la kichuguu, na yeye hakubishana. Walikwenda Ruashi kwa gari lake, mfuko umelala miguuni mwa Nono. Shimo lilikuwa na ardhi ngumu juu, laini chini. Rodrigue alivua koti lake la shemasi, akaanza kuchimba. Alipochoka Nono alichukua jembe. Chini ya jembe udongo ulifunguka mwekundu, na harufu ikapanda, ile ya mvua ya kwanza, ijapokuwa mvua ilikuwa bado. Alisimama na jembe mkononi. Ilikuwa kila mahali. Bakteria wake walikuwa humo kwa wingi, wenye unga, wenye silaha zao, wanaonyimana chakula, na yeye alikwenda kukwangua ukuta wa jiko.

Simu yake ilitetemeka. Alikuwa Profesa Abigaëlle.

“Nono, moja imeota na unga. Niliijaribu na bakteria ya mubwana yako. Iko duara. Kadogo, lakini iko.” Akangoja. “Ulisikia?”

“Nimesikia, Prof.”

“Iko namna gani kule?”

“Tuko tunazika.”

Upande wa pili ilisikika sauti ya mtu anayekaa kwenye kiti. “Bon,” Profesa alisema kwa upole. “Bon.”

“Prof, usimupe uji.”

“Sitamupa.”

Aliirudisha simu mfukoni. Rodrigue alikuwa akimwangalia huku akijifuta jasho kwa kiganja.

“Ni nani?”

“Ni kazi.”

“Inasema nini?”

“Inasema imeamuka,” Nono alijibu.

Rodrigue aliuinamia mfuko. Waliushusha mfuko pamoja. Nono alikitoa kiatu mkobani, cha mguu wa kushoto, kilicholika mbele kwa kukanyaga klachi miaka yote ile, akakiweka kando ya mguu, ncha yake ikielekea barabara ya Kasumbalesa. Kisha alipiga magoti, akaanza kurudisha udongo kwa mikono.

“Kuko jembe, shemeki,” Rodrigue alisema.

“Acha.”